Tulipompeleka Babu Majimaji

Sisi ni akina mama wa Lizaboni, Manispaa ya Songea. Leo hatuwaletei mapishi wala somo la lishe. Tunataka kuwasimulia safari moja ya familia. Ni safari fupi ambayo bajaji huimaliza upesi, lakini kuipanga kulituchukua majuma matatu, na faida yake tunaila mpaka leo.

Ilianza jioni moja mwishoni mwa Mei, tukimalizia chakula cha usiku. Kijana wetu wa darasa la sita alikuwa ametoka kwa jirani kuangalia televisheni, na huko alionyeshwa makumbusho ya mpira wa miguu yaliyofunguliwa mwaka 2016 katika mji wa Zurich, Uswisi. Alitueleza habari za Kombe la Dunia ndani ya kioo, na jezi za nchi zote zimepangwa kwa rangi kama upinde wa mvua. Kisha akatutazama mmoja mmoja akasema, "Likizo hii na sisi twende kwenye makumbusho ya michezo."

Tulicheka. Baba yao akamwuliza kama nauli ya Uswisi italipwa kwa magunia ya mahindi. Dada yake, aliye kidato cha pili, akaongeza kwamba Uswisi kuna na makumbusho ya Olimpiki, pale Lausanne, kwa hiyo magunia yaandaliwe mengi. Kijana hakucheka. Akauliza, "Basi ya hapa kwetu yako wapi?"

Hapo kicheko kikaisha. Tulitazamana, na hakuna aliyekuwa na jibu. Ndipo Babu, aliyekaa kwenye kiti chake pembeni na ambaye alikuwa hajasema neno la maana wiki nzima, akainua uso akasema:

"Nendeni Majimaji. Lakini wahini nafasi, watu ni wengi."

Mzee anayesahau

Babu ni baba mzazi wa Baba watoto. Tangu mama mkwe afariki tunaishi naye hapa nyumbani. Mwanzoni alisahau vitu vidogo: mahali alipoweka fimbo, kama amekunywa chai au bado. Baadaye akaanza kuuliza swali lile lile mara tano kwa saa moja, na siku moja alitoka kwenda dukani akashindwa kuiona njia ya kurudi. Majirani wema walimleta. Majirani wengine walinong'ona kwamba mzee ametupiwa kitu.

Sisi tulio wauguzi tunajua, na tumewafundisha wengi kliniki, kwamba kusahau kwa namna hii si uchawi, wala si uzee wa kawaida tu. Ni ugonjwa wa ubongo. Mara nyingi mambo ya jana ndiyo yanayotangulia kupotea, na ya zamani hubaki kwa muda mrefu zaidi. Ndiyo maana mzee anaweza kukana kwamba amekula, lakini akataja majina ya wanafunzi aliosoma nao. Ni vema apelekwe hospitali apimwe mapema, kwa sababu wakati mwingine chanzo ni kitu kinachotibika: maambukizi, upungufu wa vitamini, tezi ya shingo, dawa anazotumia, hata huzuni kubwa. Babu tulimpima. Presha yake tunaidhibiti kwa dawa, lakini ugonjwa wenyewe hauna dawa ya kuumaliza.

Hayo yote tulikuwa tunayajua. Lakini tuseme kweli, kina mama: kujua ni kazini, nyumbani ni kuchoka. Tukirudi zamu ya usiku tulimjibu kwa ukali. "Baba, umeshauliza hilo." Watoto nao wakajifunza kwetu. Walianza kumpita kama wanavyopita kiti. Jioni ile alipozungumza juu ya Majimaji, tuliona aibu. Tulikuwa tunaye mtu aliyeshuhudia historia ya michezo ya mji wetu, na kila siku ilikuwa inachukua kipande chake.

Usiku ule tukakubaliana na Baba watoto: safari itakuwepo, na kiongozi wake atakuwa Babu.

Kupanga

Swali la kwanza lilikuwa: Majimaji ipi? Wenyeji wa Songea wanajua kwamba jina hilo lina mahali pawili hapa mjini. Kuna Uwanja wa Majimaji, nyumbani kwa timu ya Majimaji, Wanalizombe, waliopewa jina hilo kwa ngoma ya Wangoni. Tena kuna Makumbusho ya Majimaji, pale Mahenge, yanayohifadhi kumbukumbu ya vita ya 1905 hadi 1907. Kijana alishika uwanja. Binti alishika makumbusho. Babu tulipomwuliza tena, alikuwa ameshasahau kwamba alisema lolote.

Tukaamua kwenda kote kuwili, kwa mpangilio: kwanza makumbusho, kisha uwanja. Sababu ni kwamba kijana wetu alijua namba za mgongoni za wachezaji wa Uingereza, lakini hakujua timu ya mji wake ilipata wapi jina. Wahenga walisema, usiache mbachao kwa msala upitao.

Tulipanga siku ya katikati ya juma ndani ya likizo ya Juni. Tuliikwepa Februari, maana tarehe 27 ya mwezi huo kila mwaka ni siku ya kumbukumbu ya mashujaa, na msongamano ungemchanganya mzee. Tulichagua saa tatu asubuhi, wakati ambao akili ya Babu huwa safi zaidi. Jioni huwa na wasiwasi. Baba watoto alikwenda siku mbili kabla kuuliza kiingilio, kuomba ruhusa uwanjani, na, jambo ambalo wanaume wengi hawalikumbuki, kuona choo kiko wapi.

Watoto walinunua daftari, wakaandika maswali kumi ya kumwuliza Babu. Alikuwa wapi John Stephen Akhwari alipoumia katika marathoni ya Mexico mwaka 1968, akaendelea kuchechemea mpaka akamaliza wa mwisho? Alisikia redioni Filbert Bayi alipovunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 kule Christchurch, New Zealand, tarehe 2 Februari 1974? Binti aliuliza kama wanawake nao walikuwemo, tukamwambia habari za Theresia Dismas, aliyeleta medali ya kurusha mkuki kutoka michezo ya Afrika ya Brazzaville mwaka 1965. Kijana akaongeza la kwake: Babu alisema nini Alphonce Simbu alipotwaa dhahabu ya marathoni ya dunia Tokyo, Septemba 2025, yeye na Mjerumani wakipewa muda ule ule? Hilo tulilijibu sisi. Babu alikuwepo, aliangalia, akapiga makofi, na baada ya saa moja hakukumbuka.

Tukawafundisha watoto sheria tatu. Babu akikosea, asibishiwe. Akirudia, ajibiwe kama ndiyo mara ya kwanza. Akinyamaza, aachwe anyamaze.

Makumbusho

Siku yenyewe ilikuwa na baridi ya Juni mnayoijua. Tulimvika Babu sweta mbili na kofia ya sufu. Tulibeba chai katika chupa, viazi vitamu vya kuchemsha, maandazi laini, maji, dawa zake za presha na nguo ya kubadilisha.

Makumbusho ya Majimaji yako chini ya Makumbusho ya Taifa. Nje zimepangwa sanamu za viongozi wa Kingoni, na ndani zimo zana za vita za wakati ule. Mwongozo alizungumza taratibu, na watoto waliandika.

Vita ilianzia katika vilima vya Umatumbi mwaka 1905, watu walipochoka kulimishwa pamba kwa nguvu na serikali ya Wajerumani. Kinjeketile Ngwale wa Ngarambe aliwapa watu maji, akiwaambia kwamba yatazigeuza risasi kuwa maji. Yeye alinyongwa mapema, mwezi Agosti mwaka huo huo, lakini maji yalikwisha kusambaa hadi huku Ungoni. Miongoni mwa walioyapokea na kuyaeneza huku alikuwa mwanamke, Nduna Mkomanile. Binti yetu alisimama hapo akamwuliza mwongozo alitajie jina hilo herufi kwa herufi.

Tarehe 27 Februari 1906 viongozi na wapiganaji zaidi ya 60 walinyongwa hapa Songea, wakazikwa katika kaburi moja. Nduna Songea Mbano, ambaye mji wetu unaitwa kwa jina lake, ana kaburi lake peke yake, na ukoo wake unaendelea kudai fuvu lake linaloaminika kupelekwa Ujerumani. Tarehe 1 Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alisimama mahali hapo hapo, akakutana na wajukuu wa Nduna na kuomba msamaha.

Kama wauguzi, neno lililotugusa zaidi lilikuwa njaa. Majeshi yalichoma mashamba na maghala, na wanahistoria wengi wanakadiria waliokufa kuwa kati ya watu 200,000 na 300,000, wengi wao kwa njaa na maradhi yaliyofuata. Tumewaona watoto wenye utapiamlo wodini. Tulifikiri juu ya mama wa 1906 mwenye mtoto kama hao, asiye na ghala wala wodi.

Maswali magumu hayakukosekana. Binti yetu aliuliza kwa nini wapiganaji walichoma misheni ya Peramiho, na kwa nini Askofu Cassian Spiss aliuawa njiani Agosti 1905. Kisha akauliza Mungu alikuwa upande wa nani. Mama mwenzetu, ukijiandaa kwa safari ya namna hii, jiandae na kwa swali hilo. Tulimjibu tulivyoweza: kwamba walioonewa waliwaona wazungu wote kuwa wamoja, kwamba damu ya pande zote ilikuwa damu, na kwamba sisi tunaosali leo hatuna haja ya kuwadharau babu zetu ili tuwe Wakristo.

Babu alikaa kimya muda wote. Tulipofika kwenye kaburi la pamoja alivua kofia yake ya sufu, ingawa baridi ilikuwa kali. Hakuna aliyemwambia avue.

Uwanjani

Kutoka makumbusho tulikwenda uwanjani. Njiani kijana alikuwa mkimya. Jezi aliyovaa ilikuwa imeanza kuwa na uzito. Tulimkumbusha kwamba wenye jina hilo waliwahi kuing'arisha Songea. Katikati ya miaka ya 1980 Majimaji ilichukua ubingwa, ikawashangaza wakubwa wa Dar es Salaam, na mwaka 1998 ikawa bingwa tena. Mwaka 2018 ilishuka kutoka Ligi Kuu, na kwa watoto wa umri wake utukufu huo ni hadithi tu.

Uwanja ulikuwa mtupu, isipokuwa vijana wawili waliokuwa wakikimbia mazoezi. Tulimketisha Babu kwenye jua, tukamfunika shuka miguuni, tukammiminia chai. Aliutazama uwanja kwa muda mrefu. Kisha akageuka kwa kijana:

"Mechi inaanza saa ngapi?"

Kijana alitutazama. Tuliona anatafuta ile sheria ya kwanza. Akameza mate, akasema, "Bado kidogo, Babu. Tumewahi nafasi."

"Vema," akasema Babu, na mlango ukafunguka.

Alisimulia watu waliotembea kwa miguu kutoka vijijini tangu usiku. Alisimulia vijana waliopanda juu ya miti kwa kukosa kiingilio, na ngoma ya lizombe iliyopigwa mpaka refa akashika masikio. Alisimulia akina mama waliouza togwa na karanga, ambao siku ya ushindi waligawa bure vilivyobaki. Matokeo hakuyakumbuka hata moja. Aliyajua majina ya watu aliokaa nao. Maswali kumi ya watoto yalipata majibu matatu tu, lakini kurasa za daftari zilijaa kwa mambo ambayo hakuna aliyejua kuyauliza.

Halafu akamshika kijana mkono, akamwita kwa jina ambalo hatujawahi kulisikia nyumbani mwetu. "Mguu umepona?" akamwuliza. "Ukipona utacheza kushoto." Kijana akajibu, "Umepona, kaka."

Baba watoto alisogea pembeni, akajifanya anaangalia goli. Baadaye alituambia kwamba jina hilo alilisikia mara moja tu utotoni, kwa shangazi yake. Babu alikuwa na mdogo wake aliyefariki kijana, na kwa sababu ya uchungu hakuwahi kumtaja mbele ya watoto wake. Miaka yote hiyo Baba watoto hakujua kwamba baba yake mdogo alicheza mpira, tena kwa mguu wa kushoto, kama anavyocheza kijana wetu.

Jina hilo sasa limeandikwa kwenye daftari, ukurasa wa kwanza.

Kwa mama anayetaka kupanga

Labda nawe una mzee nyumbani, na mji wako una uwanja, shule ya zamani au makumbusho. Tunakupa machache tuliyojifunza.

Kwanza, usingoje fedha nyingi. Kiingilio cha Mtanzania katika makumbusho yetu ni kidogo kuliko cha mgeni wa nje. Gharama yetu kubwa ilikuwa bajaji.

Pili, nenda kwa mwendo wa aliye dhaifu kuliko wote. Mahali pawili kwa siku moja panatosha. Mzee akichoka, rudini nyumbani, hata kama watoto wananung'unika.

Tatu, watoto wapewe kazi. Mmoja aandike, mwingine ashike fimbo ya Babu. Mtoto asiye na kazi huona makumbusho kuwa darasa jingine.

Nne, chagua saa ambayo mzee wako ana utulivu, na uangalie choo, kivuli na pa kukaa kabla ya siku yenyewe. Mzee mwenye kusahau asiachwe peke yake hata dakika moja mahali pageni.

Tano, na hili ndilo kubwa: usingoje. Kumbukumbu ya mtu haina mlinzi wala kioo, na haikai wazi kwa kukungoja mpaka likizo ijayo.

Sisi hatukuponya ugonjwa wa Babu. Tunaendelea kumfungia geti na kumjibu maswali yale yale. Tofauti ni kwamba watoto hawampiti tena kama kiti. Wakitoka shule wanamwamkia, wanakaa, na daftari liko karibu.

Kesho yake baada ya safari, wakati wa chai, kijana alimwuliza kama alifurahia. Babu akamtazama kwa upole. Hakukumbuka makumbusho wala uwanja. Tuliona uso wa mtoto ukianguka, tukataka kuingilia kati, lakini yeye akainuka, akaleta daftari, akaanza kumsomea: sweta mbili, kofia iliyovuliwa kaburini, watu juu ya miti, togwa ya bure, mguu wa kushoto. Babu alisikiliza mpaka mwisho, akitabasamu.

"Mzee huyo alifaidi," akasema.

"Ndiyo, Babu," akajibu kijana. "Tulikuwa naye."